Mvua Isinyeshe Ijumaa

Jumatatu, 5 Agosti

Ukumbi kapewa Lynette Dykstra. Tena! Mara ya nne mfululizo. Mkuu wa shule, Bwana Hoekzema, ametangaza kwenye kikao cha asubuhi huku akimenya chungwa: maonyesho ya miradi ni Ijumaa saa nane mchana, kundi la Bi. Dykstra ndani, kundi la Mwalimu Tuckwell, yaani langu, uwanjani. Mradi wa Dykstra ni minyoo ya kutengeneza mbolea. Minyoo! Viumbe wa udongoni wanakaa ukumbini, na Nuhu anakaa nje.

Maana mradi wetu ni safina. Mita kumi na nne, ya maboksi ya friji, pamoja na tembo, twiga na jozi ya kangaruu. Katika shule hii mwalimu hamchagulii mwanafunzi mradi. Mwalimu ni mlezi wa kundi, kazi yake kuuliza maswali, na wanafunzi huchagua wenyewe. Sheria nimeifuata. Niliuliza maswali kumi na moja. La kumi na moja lilikuwa, je, mmewahi kufikiria chombo kikubwa chenye wanyama wawili wawili? Wakachagua wenyewe.

Tatizo ni Anneke Oosterveen, miaka kumi na sita, anayeuliza kuliko mlezi wake. Alitaka kujua maji ya mvua yalikwenda wapi yakishapiga paa la safina. Siku arobaini, Mwalimu, paa lote lile! Nikamwambia hilo ni swali nje ya mada. Akaliandika kwenye daftari. Tangu hapo kang'ang'ania paa liwe la bati, juu ya nguzo za mbao, lenye gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, na bomba linaloshuka hadi kwenye tangi kuukuu alilolileta kutoka shambani kwao. Bati linaharibu sura ya Agano la Kale. Nimemwacha, ili anyamaze.

Kwenye duara la maombi la kundi, kila mtu alitaja jambo lake. Fergus, mtihani wa gari. Anneke alisema taratibu, akiangalia viatu, kwamba baba yake amewaandikisha kondoo wote kwenye mnada wa Jumatatu ijayo. Miezi kumi na minne mji wetu wa Murrabilla haujapata mvua ya maana. Zikija milimita ishirini na tano kabla ya mnada, kondoo wanabaki. Zisipokuja, kondoo wanakwenda, shamba linafuata, na yeye anahamia kwa shangazi yake, mji wa mbali.

Tuliomba wote. Niliomba mvua kwa moyo wangu wote. Naandika hivyo kwa sababu ya yaliyofuata.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango! Ukumbi nitaupata kwa njia ya kiroho. Kwenye maombi ya walimu nikainua mkono, nikasema kwa huzuni kwamba tumkumbuke dada yetu Lynette, amechoka mno, ukumbi ule ni mkubwa kwa mtu aliyechoka. Nikategemea Mkuu aelewe.

Wote, pamoja na Mkuu, walielewa tu kwamba amechoka. Hadi saa nne Dykstra alikuwa ameletewa sufuria ya nyama na viazi, keki mbili, na akina mama watatu wa kumbebea minyoo. Mkuu mwenyewe alimpangia viti. Wakati wa chai nilipata kipande kimoja cha keki, kile cha pembeni.

Dykstra alikuja kunishukuru. Aliniambia mbele ya watu, "Asante kwa kuniombea, Mervyn. Na mimi nakuombea." Katika shule ya Kikristo hakuna tusi zito kuliko hilo.

Jumatano, 7 Agosti

Siku ya kupokea maoni. Wanafunzi hukosoa kazi kwa kanuni tatu: kwa upole, kwa usahihi, na kwa kusaidia. Fergus alizunguka safina mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi wa ng'ombe. Kwa upole, akasema, rangi imetulia, Mwalimu. Kwa usahihi, hili ni boksi. Kwa kusaidia, redio imesema Ijumaa huenda ikanyesha.

Ikanyesha! Ijumaa!

Nilitoka kwenda mjini kununua gundi nikakuta Murrabilla nzima inatabasamu. Watu wanasimama barabarani kuangalia magharibi. Wazee wanafuta vumbi kwenye vipima mvua vyao. Muuza pai, Bi. Joyce Tebbutt, alikuwa anaimba pambio. Katika mji wote ni mimi peke yangu niliyekunja uso.

Nilirudi nikafungua Mwanzo sura ya sita. Nuhu aliambiwa apake lami ndani na nje. Lami sina. Nikachukua mafuta ya kupikia jikoni kwa shule, lita sita, nikapaka nje yote. Yanazuia maji vizuri sana. Hayazuii mbwa. Niliporudi kutoka chai mbwa wa mtunza uwanja alikuwa amemla twiga hadi mabegani.

Anneke aliniuliza kwa nini Nuhu anaogopa mvua. Nikamwambia amalize gata lake.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku mbaya kuliko zote. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata akili.

Leo ilikuwa ibada ya shule nzima pamoja na wazazi, na orodha ilisema anayeomba ni mimi. Nilikuwa nimeandika sala nzuri, ya kurasa mbili. Nikaiacha kwenye gari. Nikaanza kwa kichwa. Nikaombea wamisionari. Nikaombea wagonjwa. Nikaombea maonyesho, yafanyike katika hali ya hewa inayofaa. Ningeishia hapo! Ningesema Amina nikae! Lakini macho yakiwa yamefumbwa nikaiona safina yangu, na mdomo ukaendelea wenyewe: "Na mvua, Baba, uizuie mpaka Jumamosi."

Hakuna aliyesema Amina.

Nilifumbua macho. Wazazi mia moja na ishirini, wengi wao wakulima, walikuwa wameshafumbua yao. Gert Oosterveen, baba yake Anneke, alikaa safu ya tatu na kofia magotini. Hakukunja uso. Aliigeuza ile kofia mara moja, akaivaa, ndani ya ibada, akatoka.

Habari ilifika mjini kabla yangu. Bi. Joyce Tebbutt aliniambia pai zimekwisha. Nilikuwa naziona, zinatoa moshi nyuma yake. Nikasema zile je? Akasema zile ni za watu wanaotaka mvua. Kwenye pampu ya mafuta mzee mmoja wa kanisani alinipungia mkono akanisalimu, "Habari za ukame, ndugu?"

Mkuu aliniita ofisini. Alisema anafahamu kwamba kwa imani yetu Mungu hamsikilizi Tuckwell kabla ya wengine. Hata hivyo wazazi kumi na tisa wamepiga simu, na mmoja ameuliza kama sala inaweza kufutwa rasmi na bodi. Nikaomba radhi. Akasema radhi nisimwombe yeye.

Anneke alikuwa juu ya ngazi, anakaza misumari ya gata. Nilisimama chini nikijitia kuangalia bati. Hakunizomea. Aliniuliza tu kama niliomba kwa moyo. Nikasema hapana, kwa mdomo tu. Akafikiri, msumari ukiwa katikati ya meno. "Basi haihesabiki, Mwalimu," akasema, akaendelea kugonga.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nina miaka arobaini na nne. Nina cheti cha theolojia. Nimeomba mtoto huyu afukuzwe kwao kwa ajili ya tembo wa boksi.

Nikajifungia chooni kwa walimu nikarekebisha sala. Inyeshe, Bwana, inyeshe sana. Ila ikiwezekana ianze saa kumi, wageni wakishaondoka. Au inyeshe kwa Oosterveen tu, ni kilomita tisa kutoka hapa.

Ijumaa, 9 Agosti

Asubuhi anga tupu. Bluu kutoka ukingo hadi ukingo, hata kiwingu cha kudanganyia watoto hakuna. Nilipata nilichoomba na sikuwahi kukichukia kitu namna hii.

Saa nane watu wakaja uwanjani, si kuangalia safina, kuniangalia mimi. Walisimama mikono mifukoni. Walikula soseji zetu bila hata asante. Oosterveen alisimama mwisho kabisa, kando ya tangi la binti yake, tangi tupu kabisa, akaligonga kwa kidole. Likalia kama kengele.

Nikaanza kuelezea dhiraa, vile vipimo vya Nuhu. Nilielezea dhiraa kwa dakika thelathini. Saa tisa hivi upepo ukageuka, ukaja na harufu ambayo sikuitambua mara moja. Tone likaanguka kwenye karatasi yangu. Nikadhani ndege. La pili likaanguka kwenye pua.

Kisha ikaja yote kwa pamoja.

Hakuna aliyekimbia! Watu wazima, na suti za kanisani, wamesimama uwanjani nyuso juu, midomo wazi. Bi. Tebbutt aliinua trei ya pai tupu kuikinga mvua, si kujikinga, kuikinga ijae. Mtu akaanza wimbo wa tenzi, sauti mbaya sana, wote wakamfuata. Ukumbi ukamwagika: Dykstra akatoka mbio na kundi lake lote, viatu mkononi, minyoo wameachwa na viti vyao. Alikuja kusimama kwenye tope karibu nami. Sikupata hata nafasi ya kufurahi kwamba ukumbi ni mtupu.

Safina ilikufa kwa heshima. Tembo alipiga magoti kwanza. Kangaruu wakalala kifudifudi, jozi. Ubavu wa kushoto ukafunguka polepole ukajilaza nyasini, na mafuta ya kupikia yakaelea juu ya madimbwi. Kilichobaki kimesimama ni paa la bati la Anneke juu ya nguzo zake. Na gata. Maji yalikimbia kwenye lile gata, yakashuka bombani, yakaingia tangini kwa kishindo, na kila mtu akanyamaza kusikiliza. Mlio wa tangi likijaa! Miezi kumi na minne hatukuusikia.

Anneke alikuwa amepiga magoti mbele ya kipima mvua, anapiga kelele. Sita! Kumi na moja! Kumi na tisa! Fergus alikuwa anaziandika mgongoni mwa tembo. Alipofika ishirini na tano akainua vidole badala ya kupiga kelele, viwili, kisha vitano. Baba yake alivua kofia. Maji yakamshuka usoni, mengine ya mvua na mengine si ya mvua.

Alinijia akanishika mkono, akautikisa muda mrefu. Nikataka kumwomba radhi, akaniwahi. Akasema, "Mwalimu Tuckwell, usiache kuomba, bwana." Sijui kama ulikuwa utani. Nililia. Nashukuru kwamba kwenye mvua haionekani. Dykstra aliona, akanipa leso iliyolowa, na hakusema kwamba ananiombea.

Jumamosi, 10 Agosti

Milimita arobaini na moja shuleni. Thelathini na nane kwa Oosterveen. Kondoo wamefutwa mnadani! Anneke anabaki! Nimelala kama gogo, mara ya kwanza wiki hii, na bati la nyumba linaimba bado.

Safina ni uji. Tumeizoa kwa koleo. Dykstra ameiomba kwa ajili ya minyoo wake, wanapenda boksi lililolowa. Nimempa. Ndivyo Nuhu alivyoingia ukumbini hatimaye.

Matokeo ya maonyesho yametoka. Anneke wa kwanza, shule nzima, kwa swali lake la mradi: maji yanakwenda wapi? Waamuzi walimuuliza mlezi wake alimsaidiaje. Akajibu ukweli, kwamba nilimwambia asiulize. Mkuu ameandika kwenye ripoti yangu: "Ana mbinu ya kipekee ya kumchokoza mwanafunzi afikiri." Nimeikubali. Sikutaka kumkosoa Mkuu.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya ibada wakulima wanne walinisubiri mlangoni, kofia mikononi. Walibabaika kwanza. Halafu Oosterveen akasema kwa niaba yao kwamba udongo umelainika, wanataka milimita nyingine ishirini kufikia Alhamisi, na kama haitakuwa usumbufu, niombe isinyeshe. Kwa nguvu zile zile. Bi. Tebbutt akanisukumia pai mbili, za moto.

Basi nimepata somo kubwa wiki hii, na naliandika nisilisahau: sala zangu hujibiwa kinyume. Ningelijua miaka kumi iliyopita! Kesho kwenye maombi ya walimu nitasimama na kuomba, kwa machozi ikibidi, kwamba maonyesho ya Novemba ukumbi apewe tena Lynette Dykstra.

Maana ukumbi nitauhitaji. Mradi ujao ni mnara wa Babeli. Mita tisa kwenda juu, maboksi ya friji. Dari la ukumbi ni mita sita, lakini hayo ni ya baadaye. Wanafunzi watachagua wenyewe. Nimeshaandaa maswali kumi na matatu.

Anneke nilimdokezea pale ngazini kwa kanisa. Akauliza upepo wa Novemba huvuma kutoka upande gani.

Nikamwambia hilo ni swali nje ya mada.