Shakwe wa Kapteni Straumvik

Jumanne, 28 Aprili
Siku kumi na tisa kabla ya Sikukuu ya Taifa. Mwaka huu shada la maua linalowekwa kwenye sanamu ya Kapteni nalibeba mimi. Marehemu baba alilibeba mara saba; mimi nina miaka sitini na tatu, sijagusa hata utepe wake. Desturi inajulikana: anayeosha sanamu siku ya msaragambo, mji mzima ukifanya usafi, ndiye mbeba shada. Miaka minne mfululizo ni jirani yangu Reidar, kisa ana ngazi ndefu. Leo nimenunua ngazi. Inaizidi yake kwa vipandio viwili.

Alhamisi, 30 Aprili
Balaa. Mama Borghild wa kamati ya sikukuu kasema mvua imemwogesha Kapteni vizuri, hakuna haja ya kupanda. Kwa hiyo shada linabaki kwa Reidar. Nikamuuliza, je, sanamu ikichafuka? Akasema ikichafuka tutaona. Nimemsikia vizuri sana.

Jumamosi, 2 Mei
Vichwa sita vya chewa. Nimevitia kwenye kofia ya koti la Kapteni, ile iliyomwangukia mgongoni kama bakuli. Masikini, alipotelea barafuni akiwatafuta wenzake; naamini angenielewa. Kufika saa nne shakwe wamejaa. Kufika saa sita Kapteni mweupe pepepe kwa kinyesi chao. Mke wangu Solfrid kaniuliza mbona nanuka samaki. Nikasema ni upepo.

Jumamosi, 9 Mei
Msaragambo. Mji mzima na reki, kahawa na mikate ya iliki. Reidar akaanza kufungua ngazi yake. Nikamwambia apumzike, mgongo wake huo. Nikapanda mbele ya wote, ndoo mkononi. Kipandio cha mwisho, uso kwa uso na shakwe jike. Kalala ndani ya kofia. Chini yake mayai matatu. Kanidonoa utosini mara mbili. Mama Borghild akaniamuru nishuke upesi: kiota chenye mayai hakiguswi, ni sheria. Kamba ikazungushwa. Hakuna kumsogelea Kapteni mpaka makinda waruke. Reidar akanipa leso.

"Pole, jirani," akasema. "Ngazi nzuri lakini."

Jumapili, 17 Mei
Kwa kuwa Kapteni hafikiki, shada limewekwa kwenye nanga pale kanisani. Nanga ya babu yake Reidar. Aliyelibeba sina haja ya kumwandika. Bendi ikapiga, watoto wakapunga bendera, mimi nyuma kabisa na plasta utosini. Nililia kidogo. Solfrid akanishika mkono.

"Mzee wangu, baba yako alimpenda Kapteni, ndiyo maana wakampa shada. Wewe unampenda nani?"

Nimeona aibu kweli. Nimeapa: mipango basi.

Jumatatu, 18 Mei
Solfrid kasema, tukinywa kahawa, kwamba shakwe hurudi kwenye kiota kilekile kila mwaka. Kwa hiyo Kapteni ndiyo hafikiki tena. Imebaki nanga. Na nanga nayo ikikaliwa na shakwe? Hapo pa kuwekea shada patabaki kwenye mlingoti wa bendera mrefu kuliko yote mjini, na huo uko uani kwangu. Shada litakuja lenyewe mpaka mlangoni. Nanga haina pa kutagia, lakini nimepata ndoo kuukuu ya kuitundika hapo. Vichwa vya chewa nimeagiza kumi na viwili.