Saa ya Baba Mkwe Isiyotiwa Ufunguo

Jumapili, 8 Juni

Hatimaye! Baba mkwe anastaafu. Macho yamechoka, hatofautishi tena skrubu ya saa na chembe ya sukari. Miaka arobaini ametengeneza saa za watu, sasa anatafuta wa kumwachia karakana. Nilijitahidi kuweka uso wa huzuni. Mke wangu akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Karakana yenyewe ni meza moja, dirisha linalotazama barabara, na kiti chenye mto. Kiti chenye mto! Fundi saa hasimami, habebi kitu, na wateja wanamfuata wenyewe. Hiyo ndiyo kazi niliyoumbiwa. Miaka tisa nimekula vumbi la majalada pale masjala nikisubiri Mungu anione. Ameniona.

Tatizo ni mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Ni fundi rangi. Tunamwita Brashi, naye anadhani ni sifa. Na yeye anaitaka karakana. Baba mkwe angetazama tu nani ana akili na shauri lingeisha palepale. Lakini hapana, katupa mtihani. Kila mmoja kapewa saa ya mkononi, kuukuu lakini nzima, yenye kidirisha kidogo cha tarehe. Haina betri. Inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Tuzivae wiki nzima. Kile kifundo cha pembeni, cha kutilia ufunguo na kurekebisha mishale, amekiziba kwa nta nyekundu. Jumapili ijayo, saa nane mchana, atakayeleta saa inayotembea na inayosema kweli, karakana ni yake. Asiyeweza kutunza saa moja, alisema, hawezi kuachiwa za watu.

Akatueleza inavyofanya kazi. Ndani kuna kipande cha chuma kizito, umbo la nusu sahani, kimeshikiliwa katikati. Ukisogeza mkono, chuma kinaangukia upande wa chini. Kikizunguka kinasukuma magurudumu ya meno, na hayo yanakaza kamani, yaani ule utepe wa chuma uliojiviringa, tumbo la saa. Kamani ikishiba inateleza tu, haikatiki. Ukiiacha saa bila mwendo, inakula akiba yake kama saa arobaini, kisha inalala. Brashi aliuliza maswali matatu. Mimi sikuuliza hata moja. Nilikuwa nakitazama kiti.

Jumatatu, 9 Juni

Nimejichunguza kazini. Kati ya saa mbili na saa sita mkono wangu wa kushoto umesogea mara nne, mara mbili kwa ajili ya chai. Brashi anapaka kuta kutwa, mkono juu, mkono chini. Huu si mtihani, huu ni upendeleo!

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Masjala tuna feni ya kusimama, ile inayogeuza shingo kulia na kushoto bila kuchoka. Nimeifunga saa shingoni mwake. Mkuu wetu wa masjala, mama mmoja asiyecheka tangu aajiriwe, aliuliza saa inafanya nini pale. Nikasema inapima zamu za upepo. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Jioni nikaondoka na kuiacha feni ikizunguka. Umeme si wangu.

Jumanne, 10 Juni

Inatembea! Haijapotea hata dakika. Nimepita kwa makusudi mtaa anaopaka Brashi. Yuko juu ya ngazi, jasho linamtiririka, rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi. Nikamsalimu kwa upole mkubwa. Nikamwambia kazi ni kipimo cha utu. Maskini, alishukuru.

Jumatano, 11 Juni

Imekufa! Nimefika saa mbili asubuhi, feni inazunguka, saa imelala. Mishale imesimama kwenye saa kumi na dakika kumi na saba. Kumbe jana ilikuwa inakula akiba tu, na mimi nasherehekea. Nimeipiga feni teke. Mguu unauma.

Nikakaa. Nikafikiri. Na hapo ndipo nilipojistaajabia mwenyewe. Saa za watu wote zitafika saa kumi na dakika kumi na saba leo jioni, zitake zisitake. Ya kwangu tayari iko hapo, inazisubiri! Dakika ile ikifika naitikisa, inaamka, inaendelea na wenzake. Nta haijaguswa. Nani atajua?

Ubaya ni kwamba ikitikiswa mapema inaamka mapema, na huo ndio mwisho. Niliifungua shingoni mwa feni kama mtu anayetegua bomu. Nikailaza ndani ya droo juu ya pamba. Kutwa nzima nimeilinda. Mtu akija kutaka jalada kwenye droo zangu nasema limepotea, jambo ambalo kwa kawaida ni kweli. Saa kumi wote wakaondoka, mimi nikabaki. Mkuu wa masjala alirudi kuchukua mwavuli, akanikuta nimeinamia droo, natoka kijasho chembamba. Akasema kwa miaka tisa hajawahi kuniona kazini baada ya saa kumi, huenda alinihukumu vibaya. Nikamwomba asikanyage sakafu kwa nguvu.

Saa kumi na dakika kumi na saba, nikaitikisa. Tik, tik, tik. Nilitaka kulia.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu, kijuujuu tu, kwa nini feni isitie saa ufunguo. Huyu amekulia chini ya meza ya baba yake, akiokota skrubu. Akasema chuma cha ndani kinataka kuanguka. Feni inaigeuza saa kulia na kushoto, lakini chini ya saa ni palepale, sasa chuma kiangukie wapi? Akaniuliza nimeifunga kwenye feni ya nani. Nikasema nauliza kwa niaba ya rafiki, ambaye saa yake ililala leo alfajiri, akaiamsha jioni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaribu kupunga mkono mwenyewe. Dakika tano, bega likakataa. Jirani akadhani namwita, akaja, akakaa, akanywa chai.

Basi nimemvalisha mke wangu. Nikamwambia ni ishara ya mapenzi, nataka mapigo ya saa yangu yakae karibu na yake. Akasema miaka tisa sijamletea hata leso, leo namletea mapigo. Lakini kaivaa. Na huyu mwanamke hatulii! Anafua, anafagia, anachota maji, anakanda unga. Saa inakula mpaka inacheua. Nimelala kitandani nikiisikiliza ikipita huku na huku, raha mustarehe.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa. Asubuhi kwenye chai mke wangu kaniuliza leo tarehe ngapi. Nikasema kumi na tatu. Akaniwekea mkono puani. Kidirisha kinasema kumi na mbili.

Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto. Saa ya namna hii hubadili tarehe kila mishale inapopita saa sita mara ya pili, na hiyo iwe usiku. Ya kwangu ililala alfajiri na nikaiamsha jioni. Yenyewe haijui kama nusu siku imepita. Inadhani jioni ile ilikuwa bado alfajiri. Kwa hiyo usiku wetu ni mchana wake, na tarehe yake inabadilika saa sita mchana. Hakuuliza ililalaje. Alisema tu nimwambie baba yake ukweli, mzee hula maneno ya kweli hata yakiwa machungu.

Ukweli! Nimefika mbali mno kwa kurudi kwenye ukweli. Nikapiga hesabu. Tarehe ya saa yangu ni mbovu kuanzia usiku mpaka saa sita mchana tu. Kuanzia saa sita na kitu, iko sawasawa. Baba mkwe amesema saa ngapi? Saa nane! Nimecheka peke yangu mpaka mkuu wa masjala akasogeza kiti chake mbali.

Jumamosi, 14 Juni

Baba mkwe ametuma salamu. Chakula cha kesho kitaiva mapema, tuje saa tano.

Mungu wangu.

Jumapili, 15 Juni

Nitaandika yote.

Asubuhi niliugua. Mke wangu akanigusa paji, akasema niko baridi kama mtungi, nivae. Nikapoteza kiatu. Akakipata juu ya kabati. Njiani nikasimama kusoma kila tangazo, hata la mazishi. Pamoja na hayo tulifika saa tano na nusu. Kabla ya kuingia nikamvua mke wangu saa, nikaivaa, nikaficha kidirisha kwa kidole gumba. Kinasema kumi na nne.

Tukapiga shikamoo, tukakaa. Brashi akaitwa kwanza. Akavua saa yake, akaiweka mezani, inatembea lakini iko nyuma saa kadhaa. Akasema aliivua Jumanne ili isipate rangi, akaisahau juu ya dirisha la mteja mpaka Alhamisi, ikalala, kwa hiyo ameshindwa, samahani baba. Hivi hivi! Mjinga gani huyu? Sikuamini bahati yangu. Kilichobaki ni nusu saa tu.

Nikamuuliza baba mkwe, kwa heshima zote, saa zilifikaje mkononi. Mzee aling'aa! Hakuna aliyemuuliza swali hilo tangu kifo cha mama mkwe. Akasema zamani wanaume walibeba saa mfukoni, kwa mnyororo. Saa ya mkononi ilikuwa pambo la wanawake, na mwanaume aliyeivaa alichekwa. Nikauliza kwa nini. Akaeleza. Nikauliza walichekwaje. Akaeleza kwa vitendo. Kisha ikaja vita kubwa ya Wazungu, askari hana mkono wa kutia mfukoni, akaifunga saa kwenye kifundo cha mkono. Waliorudi, nani angewacheka? Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Nikauliza kuhusu zinazojitia ufunguo. Akasema kuna mafundi walijaribu zamani sana kwenye saa za mfukoni, lakini mfuko haupigi kazi, mkono ndio unapiga. Mpaka saa zilipohamia mkononi ndipo wazo likapata pa kukaa. Za mwanzo chuma chake kilikuwa kinagonga huku na huku, baadaye kikaachiwa kizunguke mduara mzima. Kisha zikaja za betri, mafundi wakadhani wamekwisha, na baada yake simu, wakadhani wamekwisha tena. Saa sita kasoro dakika mbili. Nikafungua mdomo niulize habari za betri.

Akasema, leta mkono, mkwe.

Nikasema kwanza tunywe maji. Akasema maji hayakimbii. Akaivua saa mwenyewe, akabandika kioo cha kukuzia jichoni, akaisogeza karibu na dirisha. Akaitazama nta, akatikisa kichwa kuridhika. Akaitazama mishale, akalinganisha na ya ukutani, akatabasamu. Moyo ukaanza kunirudi. Kisha nikaona tabasamu limesimama. Ndani ya kidirisha, mbele ya jicho lake, kumi na nne ilikuwa inateremka taratibu na kumi na tano inachungulia.

Baba mkwe akasema miaka arobaini ya kazi hii, leo ndiyo mara ya kwanza kuona siku ikianza saa sita mchana.

Nikasema labda ni majira ya mwaka.

Aliunusa mkanda wa saa. Akauliza kwa nini mkono wa karani unanuka sabuni ya kufulia. Nikatazama dari, dari nzuri sana. Ndipo mke wangu akasema yote, kwa sauti ya chini, bila kuniongezea wala kunipunguzia: ililala Jumatano, ikaamshwa jioni, na tangu Alhamisi imekuwa kwake. Mzee akamuuliza alijuaje habari ya tarehe. Akasema si ulinifundisha mwenyewe, baba, nikiwa na miaka kumi. Mzee akavua kioo chake jichoni. Macho yake mabovu yamejaa maji, akakiweka mkononi mwa binti yake na kuvikunja vidole vyake juu yake. Akasema alikuwa anatafuta mkono huku na huko, na mkono uko nyumbani kwake miaka yote.

Brashi akaropoka, mwanamke fundi saa? Baba mkwe akamwambia wanaume walisema hivyohivyo walipoiona saa kwenye mkono wa mwanamke, na sasa atazame mkono wake. Brashi akatazama. Pana alama ya mkanda na rangi ya kijani. Akawa wa kwanza kupiga makofi.

Mimi nilipiga wa mwisho. Lakini nilipiga. Mke wangu aliniangalia, na sikuona hasira. Ningependelea hasira.

Jumamosi, 21 Juni

Nikitafakari, sikushindwa. Kilichoshindwa ni kidirisha cha tarehe, na kidirisha si mimi.

Mke wangu ameanza kazi, foleni imefika kwa dobi jirani. Kiti chenye mto anakikalia yeye. Na mimi kanipa kazi ya Jumamosi, ishara kwamba hawezi kuendesha karakana bila mimi. Saa zinazojitia ufunguo zikishatengenezwa lazima zijaribiwe kwa mwendo. Kanivalisha tisa, nne kulia, tano kushoto. Nizunguke mtaa mpaka saa kumi. Alisema ananiamini. Alilisema neno hilo mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono, kwenye nafasi iliyobaki.

Nimezunguka mara moja na nusu. Jua kali! Nikaingia kwa dobi kupumzika, na nikiwa pale nikaiona. Pipa la chuma, linazunguka lenyewe, juu chini, juu chini. Si kama feni! Humu kila kitu kinapanda na kuanguka, kama chuma kinavyotaka. Na nimejifunza kuwa mwangalifu: dobi ana mashine mbili, nimechagua ya kukaushia. Haina tone la maji. Nimezifunga zote tisa ndani ya soksi moja, nikamwambia dobi ni soksi nzito tu.

Nimekaa kwenye benchi lake na daftari hili. Nazisikia kutoka huku, zinagonga kwa kelele nzuri sana. Maana yake zinatembea.