Mwenye Wimbo

Jumatatu, 3 Machi
Redio zilizoletwa kutengenezwa leo: sifuri. Jana: sifuri. Kila mtu ana simu, nani anahitaji fundi redio? Lakini akili ni mali! Shangazi alikuwa jikoni anamenya viazi, anaimba ule wimbo wake wa kubembelezea watoto. Nikaegesha simu nyuma ya ndoo, nikamrekodi, nikaupakia wimbo mtandaoni. Mtandao ukauliza jina la mtunzi. Nikaandika langu. Ni kweli aliutunga yeye, mwaka nilipougua surua nikakataa kulala. Lakini bila surua yangu, wimbo ungetoka wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Wasikilizaji elfu kumi na mbili! Mmoja kaandika kwamba amelia. Nimemjibu kwamba hata mimi nililia nikitunga. Nimevaa miwani myeusi, ya kisanii. Shangazi ameuliza kama macho yananiuma.

Ijumaa, 7 Machi
Kinyozi wa jirani amejirekodi akikata mauno kwa wimbo wangu, mashine ya kunyolea mkononi. Watazamaji elfu tisini! Nimemfuata dukani kwake. Eti nyimbo za kubembelezea ni za watoto wote. Nyani haoni kundule! Kwenye mtandao kuna kitufe cha kudai wimbo wako. Nimekibonyeza mara tatu.

Jumapili, 9 Machi
Ushindi! Video ya kinyozi imenyamazishwa. Anakata mauno kimya kimya kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Jioni Shangazi akaniita. Binti yake anafanya kazi mbali, na mjukuu hulazwa kila siku kwa video ya bibi akiimba, waliyoiweka kwenye ukurasa wa familia. Tangu jana mtoto halali, analia mpaka anatapika. Nikapewa simu niitengeneze, si mimi ndiye fundi? Nikaitazama ile video. Shangazi kakaa kitandani, mdomo unafunguka, sauti hakuna. Chini yake: sauti imeondolewa kwa ombi la mwenye wimbo.

Nikasema ni spika. Binti yake akapiga simu muda huohuo, akamsomea yale maandishi yote.

"Mwenye wimbo ni nani?" Shangazi akauliza.

Akasomewa jina langu. Hakunigombeza. Alienda kuosha vyombo, na hakuimba. Sijawahi kusikia sahani zikioshwa kimya hivyo nyumbani kwetu. Nimeona aibu, kusema kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejaribu kufuta dai. Mtandao unasema utachunguza kwa siku tisini. Nimeenda jikoni, nikapiga magoti kuomba radhi.

"Mwanangu," akasema, "ungeniomba, ningekupa."

Kabla sijajibu, binti yake akapiga. Mtoto analia. Shangazi akashika simu, akafikiri kidogo, akaanza wimbo ambao sijawahi kuusikia:

Lala, mjukuu, lala, usingizi wako umeibwa,
mwizi yuko jikoni, kavaa miwani myeusi.

Mtoto akanyamaza, akalala. Mimi nikalia, machozi ya kweli. Wimbo huu unaushinda ule wa kwanza! Na sauti imetoka safi kabisa, maana simu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati, inarekodi tangu nilipopiga magoti.

Nimeupakia sasa hivi. Mtandao ukauliza jina la mtunzi. Nikaandika langu. Kwani anayeimbwa humo ni nani?