Pilau ya Alhamisi na Kiungulia Changu

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Leo nimekufa. Au nilidhani hivyo, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita kasorobo.

Nilikuwa dukani namnyoa mteja, mara moto ukanishika katikati ya kifua. Moto wa kweli, kama mtu amenimwagia makaa. Ukapanda mpaka kooni. Nikaweka wembe, nikakaa sakafuni. Mteja akakimbia kumwita mke wangu, Sanobar, povu likiwa bado shavuni.

Miaka hamsini na minne. Kinyozi pekee wa mtaa huu, mjini Margilan. Nikajua ndiyo basi.

Nilitaka kuondoka nikiwa mwepesi, hivyo nikamshika Sanobar mkono nikatubu. Nikamwambia jambo nililolificha miaka minane. "Sanobar, pilau ya Murod ni tamu kuliko yako."

Murod ni mpishi wa mgahawa wa chai unaotazamana na duka langu. Pia ndiye aliyewahi kumposa Sanobar kabla yangu. Kila Alhamisi hupika pilau, na kila Alhamisi mimi humwambia mke wangu kwamba sitaweza kuja kula nyumbani, wateja wamejaa.

Sanobar akafunika uso kwa mtandio. Mabega yakamtetemeka. Maskini, analia.

Hospitali wakapima moyo. Daktari Zulfiya, binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, akasema moyo ni mzima kabisa. Ni kiungulia tu, asidi ya tumbo inapanda kooni. Akaniuliza jana nilikula nini. Sanobar akajibu kwa niaba yangu, na ilimchukua muda.

Nimeshtuka mno. Sifi! Na nimeshatubu!

Jumanne, 10 Septemba

Karatasi ya daktari imebandikwa ukutani, juu ya birika. Marufuku: mafuta ya mkia wa kondoo, vitu vya kukaanga, vitunguu vibichi, nyanya, pilipili, soda, chai kali. Nilegeze mkanda. Nipunguze tumbo. Nisilale mpaka yapite masaa matatu baada ya kula. Nikauliza kimebaki nini. Sanobar akasema boga.

Nimeisoma karatasi mara mbili. Haikutaja pipi. Nikanunua pakiti ya pipi za nanaa, maana nanaa inapoza, hata mtoto anajua. Kumi na saba kabla ya adhuhuri. Nikajiona mjanja.

Akaja Mwalimu Mkuu Hamroqul kutengenezwa masharubu. Nikainama. Moto! Maradufu ya jana! Mkono ukaruka, na nusu ya masharubu ikaanguka kwenye kitambaa. Masharubu aliyoyafuga tangu jeshini. Nikamshauri tuondoe na upande wa pili ili yalingane. Hakuniaga.

Nikampigia daktari simu kulalamika kwamba karatasi yake haifanyi kazi. Akaniuliza kwa upole nimekula nini. Kumbe nanaa hulegeza mlango wa tumbo, asidi ikapita inavyotaka. Na kuinama pia kunaileta juu. Kinyozi asiiname! Akasema nipandishe kiti cha mteja. Binti yule ana jibu kwa kila kitu. Inachosha.

Jumatano, 11 Septemba

Agizo jipya kwa simu: nipandishe kitanda upande wa kichwa, matofali chini ya miguu miwili, kiasi cha shibiri moja. Mito mingi haisaidii, eti inakunja tumbo tu.

Nikapandisha. Nikajaribu kulala mchana, mara tu baada ya boga. Nikateleza taratibu mpaka miguu ikagonga ukuta. Nikatafakari kwa makini. Nikaongeza matofali upande wa miguu pia, idadi ileile. Sikuteleza tena. Kazi safi.

Sanobar alipoingia akatazama muda mrefu. Akasema sasa kitanda kiko sawasawa kama jana, ila karibu na dari. Nikataka kushuka nimweleze hesabu yangu. Nilisahau urefu.

Goti limevimba. Kiungulia kipo palepale.

Alhamisi, 12 Septemba

Siku ya pilau. Harufu ya bizari ilivuka barabara saa tatu asubuhi na kuingia dukani bila hodi.

Mpango wangu ulikuwa huu: nivuke na beseni kana kwamba naenda kumnyoa Murod, nirudi na sahani imefichwa chini ya taulo. Nikamnong'oneza Murod. Akakubali upesi, upesi mno. Akaenda jikoni, akarudi na beseni limefunikwa. Nikavuka barabara kwa heshima, nikafunga mlango, nikashusha pazia. Nikafunua taulo.

Boga! Na kuku wa kuchemsha, hana hata ngozi!

Nikarudi kwa hasira kupitia mlango wa nyuma wa mgahawa. Na hapo ndipo niliposhtuka kuliko siku niliyokufa. Mbele ya sufuria kubwa la chuma alikuwa amesimama mke wangu, mikono ya gauni imekunjwa, anaonja kwa mwiko.

Murod akanivutia kigoda. Akasema chakula alichonipa ni chake mwenyewe. "Kaka Hoshim, mimi nina kiungulia kama chako. Mwaka wa nane huu sijaweka pilau mdomoni. Nikionja, nachelewa kupona wiki nzima. Ndiyo nikamwomba dada Sanobar aonje yeye."

Mwaka wa nane. Kila Alhamisi. Mimi nikimdanganya kuhusu wateja, yeye akinidanganya kuhusu kununua nyuzi sokoni.

Sanobar hakuacha mwiko. "Pilau uliyoisifia ukiwa unakufa, Baba Laziza, chumvi yangu, bizari yangu, moto naamua mimi. Ya nyumbani naipika nimeshachoka. Na sikulia siku ile. Sijacheka hivyo tangu tuoane."

Nimerudi dukani. Nimekula lile boga lote.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemwambia Sanobar aache. Mke wangu hawezi kusimama kwenye sufuria la mwanamume aliyewahi kumposa. Nilitegemea ugomvi. Akasema sawa, akakaa, akanyoosha miguu, akaniambia nikampe Murod habari mwenyewe. Nimeshtuka tena. Wiki hii itaniua.

Murod rangi ikamtoka. Msimu huu ana harusi arobaini na moja. Pilau ya harusi hapa hupakuliwa alfajiri kwa wanaume wote wa mtaa. Ikiharibika inasemwa mpaka wajukuu. Ataonja nani?

Nikamwambia nitalifikiria. Nilikuwa nimeshafikiria tangu barabarani.

Jumatatu, 16 Septemba

Siku tatu hakuna moto. Kilo mbili zimepungua. Daktari Zulfiya amefurahi, akasema boga na kutolala baada ya kula vimefanya kazi. Mimi najua ni mwili wangu tu, una nguvu za asili. Akaongeza kwamba kuanzia sasa nile kidogo kidogo, mara nyingi, na chakula kikubwa kisiwe cha usiku. Nikaomba aandike. Akaandika, akapiga na muhuri.

Nimempelekea Murod karatasi. Kuonja ni kijiko: kidogo kidogo. Harusi arobaini na moja: mara nyingi. Tena ni alfajiri, si usiku hata kidogo. Akaisoma, akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, akaandika jina langu kwenye orodha yake.

Harusi ya kwanza ni keshokutwa. Nimeshonesha suruali mpya yenye kiuno kipana, maana daktari mwenyewe alisema mkanda usibane. Watu wanasema mimi si msikivu. Nionyesheni mgonjwa mwingine anayefuata maagizo namna hii.