Anwani ya Mwenyeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ametangaza vita. Yeye anaita kupaka rangi. Fundi anakuja Ijumaa, na kabla hajaja, waya wa mtandao unaotoka mezani kwangu hadi chumba cha nyuma cha kuchapia picha ung'olewe. Eti studio nzima sasa itumie waifai ya Antena, binti wa kaunta, anayenasa kila kitu isipokuwa utani wangu.

Ung'olewe! Waya huu tuliuvuta mimi na marehemu mke wangu, dada yake huyohuyo Shemeji. Mimi nilishika ngazi, yeye akapigilia. Alisema mimi nikipanda nitashuka na dari. Juu ya mlango aliacha mizunguko ya waya wa ziada, ikaning'inia kwenye msumari kama bangili. Nikauliza ya nini. Akasema, mume wangu, nakujua. Ncha zote mbili akazipaka rangi yake ya kucha, nyekundu, nisije nikachomeka pasipo pake.

Nimemwambia Shemeji tupime. Picha za harusi zitumwe kwa waya, kisha kwa waifai. Atakayeshindwa afunge virago. Amekubali. Hajui anacheza na nani.

Jumanne, 4 Machi

Maandalizi. Asubuhi, kabla ya wengine, nimesukuma kabati la chuma mpaka mbele ya kidude cha waifai. Chuma na waifai haviivi chungu kimoja. Mgongo unalia! Lakini limekaa vizuri, limezama pale kona, hata halitikisiki. Antena kauliza kwa nini kabati limehama. Nikasema unyevu.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa. Antena alinipa maelekezo ya programu ya kupimia kasi, ile ya skrini nyeusi isiyotaka kipanya, unaiandikia amri tu. Washa upande wa kupokea. Kisha, upande wa kutuma, andika anwani ya mwenyeji. Rahisi! Mwenyeji hapa ni nani kama si mimi? Antena kaja juzi, Shemeji hushinda kwenye kumbi za harusi. Nikaandika anwani ya kompyuta yangu. Upande wa kupokea nao nikauwasha hapohapo, kwenye dirisha la pili. Kwenda chumba cha nyuma ni kujichosha bure.

Megabiti elfu arobaini kwa sekunde! Waifai, aliyoipima Antena: mia mbili. Nilipanda juu ya kiti. Shemeji aliguna. Antena hakuguna. Alikwenda akauchomoa waya, akaniomba nipime tena. Nikapima. Elfu arobaini na moja! Nikawatangazia wateja kwamba huu ni waya wa aina yake, hata ukichomolewa unapeleka.

Kisha Antena akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, mzee wangu, kompyuta yako inajitumia yenyewe. Mwenyeji ni anayepokea, kule nyuma.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepima upya, Antena akiwa chumba cha nyuma. Waya: megabiti tisa. Tisa! Waifai, pamoja na kabati langu, ikatoa zilezile mia mbili. Shemeji akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi, kwamba tuuache upumzike. Nilikwenda kunywa maji.

Niliporudi nilimkuta Antena amepiga magoti, anachungulia chini ya kabati. Mguu mmoja wa kabati ulikuwa umeukalia waya na kuusaga. Akauliza nani alisogeza hili kabati. Nikasema unyevu.

Tukakata kipande kilichosagika, pamoja na ncha yake nyekundu. Waya uliobaki haukufika tena kwenye kompyuta. Ndipo Shemeji akatazama juu ya mlango. Akapanda ngazi mwenyewe, mimi nikaishika. Akalegeza mzunguko mmoja tu, waya ukashuka, ukafika. Antena akafunga kichwa kipya cha kuchomekea. Megabiti mia tisa na arobaini!

Shemeji hakushuka mara moja. Akasema, akiwa hukohuko juu, dada alikuwa anakujua.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi amepaka rangi kuuzunguka waya, kwa amri ya Shemeji. Ncha mpya Antena ameipaka rangi yake ya kucha. Ya zambarau, lakini nimeipokea. Ile nyekundu iko mfukoni mwa shati langu.

Ushindi ni wangu, nani atabisha? Nisingesogeza kabati, nani angekumbuka kwamba waya una akiba? Nimelirudisha mbele ya waifai, tahadhari tu. Likiukanyaga waya tena, mizunguko bado ipo. Na ile elfu arobaini na moja nimeichapa kwa tarakimu nene nikaibandika ukutani, rangi haijakauka sawasawa. Antena kauliza nawezaje kujivunia kompyuta iliyokuwa ikiongea peke yake.

Nikamwambia hilo si kosa. Mimi huongea na mke wangu kila asubuhi nikifungua studio, na majibu yananifika kabla sijamaliza swali.