Heshima ya Jemadari

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha. Kochi la Mwalimu Mkuu mstaafu limerudi. Limekuja juu ya mkokoteni, likashushwa mlangoni pa karakana yangu kama mgonjwa aliyekataliwa hospitali, na Mwalimu Mkuu mwenyewe nyuma yake, leso puani. Hakunisalimu. Aliniambia ninuse. Nikanusa. Akaniambia ninuse tena, safari hii kama mtu mzima.

Ni Jemadari. Hakuna mwingine. Paka wangu, dume la rangi ya chungwa, mkia umepinda mwishoni kama ndoana. Kila kochi ninalolimaliza analizunguka, analigeuzia mgongo, anatikisa mkia, anamwaga. Mimi naweka velveti, yeye anaweka muhuri.

Karakana na nyumba yetu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo mke wangu alisikia kila neno. Jioni akatoa hukumu. Kufikia Jumamosi Jemadari awe amehasiwa, la sivyo anapelekwa kwa shemeji yangu kwenye mashine ya kusaga, akaishi na wale mbwa. Nilisema hilo ni jambo la kufikiriwa. Akasema ameshafikiria kwa niaba ya sote. Akaniuliza pia mbona nimebana miguu.

Sikujua kama nimeibana.

Watoto wamekua, kila mmoja ana kwake. Ndani ya nyumba hii wanaume tumebaki wawili. Na sasa mmoja anatakiwa kisu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa! Ndimu na siki. Paka hapendi harufu kali, kila mtu anajua. Nikachanganya ndoo nzima, nikanyunyizia makochi yote, vitambaa vyote, hadi cherehani.

Saa chache baadaye velveti ya bluu ikawa na madoadoa kama chui. Jemadari akaingia, akanusa, akakaa akatafakari kama hakimu. Kisha akaenda kochi moja baada ya jingine akarekebisha makosa yangu.

Jirani yangu, seremala anayenitengenezea fremu, alichungulia akasema la kuvunda halina ubani.  Mtu huyu hupigilia misumari huku akiimba. Hawezi kuwa na akili timamu.

Jumatano, 6 Machi

Fedheha.

Seremala amekuja na boksi. Ndani ya boksi, vitoto vya paka, vimeanza kutembea juzijuzi tu. Vyote rangi ya chungwa. Vyote mkia ndoana. Paka wake jike amezaa. Akaniamkia mbele ya wateja: shikamoo, babu! Akaniuliza wajukuu nawapokea lini, na kama mahari italetwa kwa mkokoteni au itakuja yenyewe kwa miguu.

Nikamwambia mkia uliopinda si ushahidi. Akaniuliza basi ni nini, upepo?

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kunyamaza, nikapanda juu ya kiti kisicho na sponji nikahutubia. Nikasema dume ni dume. Nikasema kumhasi paka ni kumvua cheo jemadari wa vita. Nikasema mengi kuhusu heshima. Wateja walipiga makofi, kisha kiti kikavunjika. Fremu ya seremala, naomba ieleweke.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, sauti ya mke wangu: leo Jumatano, baba watoto. Jumamosi iko palepale.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo. Kuuliza tu. Nikamwambia nina rafiki mwenye shida ya kukojoakojoa kila mahali na kurudi nyumbani na majeraha, na mkewe anataka ahasiwe. Daktari, mwanamke kijana mwenye mikono mitulivu, akauliza kama rafiki huyo ni paka. Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi.

Akanieleza vizuri. Sindano ya usingizi, kazi fupi, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hatazurura tena, hatapigana, kunyunyiza kutapungua au kuisha kabisa. Akasema madume wasiohasiwa ndio anaoletewa wamechanika. Wengine, akasema, hawaletwi tena.

Ilitosha kuishia hapo. Lakini mimi nikaomba kuona kifaa. Akanionyesha.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye benchi lake la wagonjwa na mtu ananipepea kwa faili. Jemadari, ambaye nilikuwa nimempakata ndani ya kikapu, alikuwa ananitazama kwa huruma. Hapo nikajua. Siwezi. Nikamwambia daktari Jumamosi tutakuja. Njiani nikamwambia Jemadari hatuji.

Benchi lenyewe limekwisha, sponji imekuwa chapati. Ningependa kulitengeneza siku moja, nikiwa mtu huru.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya. Yaani, sikufanya. Yaani, imefanyika kana kwamba imefanyika.

Asubuhi niliondoka na kikapu, uso wa msiba. Mke wangu alitusindikiza hadi mlangoni, akamkuna Jemadari kichwani akamwambia jikaze, mwanangu. Mimi hakuniambia nijikaze. Nikazunguka mtaa, nikaingia karakana kwa mlango wa nyuma, nikajifungia.

Kazi safi, ingawa najisifu mwenyewe. Nikampunguza manyoya ya tumboni kwa mkasi mdogo wa nyuzi. Nikakata bafta nyeupe, ile ninayowekea chini ya makochi, nikamfunga bendeji pana kiunoni. Nikapaka manjano ionekane dawa imepenya. Halafu, kwa sababu mimi ni fundi na siwezi kujizuia, nikapitisha juu ya bendeji mstari wa mishono midogo kwa uzi mweusi. Operesheni lazima iwe na mshono.

Mke wangu alipomwona alilia. Akachemsha maini. Harufu ilijaa nyumba nzima. Nikakaa mezani nikasubiri. Maini yote yakaenda kwa mgonjwa.

Jumapili, 10 Machi

Jemadari amelala kwenye kiti changu, juu ya mto wangu. Mke wangu ananisifu kwa kila anayepita: mume wangu ana moyo mgumu lakini akiamua ameamua. Kila sifa inanichoma kama pini za makochi.

Seremala alikuja kumpa mgonjwa pole. Akaitazama bendeji. Akaitazama tena. Akainamisha kichwa upande, kama anavyopima mbao iliyopinda. Akamwuliza mke wangu, shemeji, daktari alimpasua hapo? Mke wangu akasema hapo. Seremala akasema ahaa.

Ahaa tu. Mtu anayeimba akipigilia misumari, leo kaishiwa maneno. Sikupata usingizi wa mchana.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa! Jemadari amejivua bendeji, amepita dirishani, ametoweka. Seremala aliikuta imening'inia kwenye uzio wake. Akaniletea kwa ncha za vidole, akanipa bila mke wangu kuona. Akasema mshono mzuri sana, fundi, ila mgonjwa hakuwemo.

Nikamwomba kwa ujirani wetu wote anyamaze. Akasema yeye ni kaburi. Kisha akaondoka anaimba.

Bendeji nimeifungia kwenye droo ya chaki.

Jumatano, 13 Machi

Hajarudi. Mke wangu hali chakula. Anawaza kidonda kitafunguka, utumbo utatoka, mwanawe atafia mtaroni peke yake. Ningeweza kumtoa wasiwasi kwa sentensi moja. Nilifungua kinywa kuitamka. Kikatoka kikohozi.

Tumezunguka mitaa yote tukiita. Yeye mbele, mimi nyuma na kibakuli. Jemadari! Jemadari! Mlinzi wa ghala la saruji akaruka kutoka kitini, akasimama wima, mikono ubavuni. Mke wangu hakucheka. Nilipoona hakucheka ndipo nilipoogopa.

Maana mimi ninajua asichokijua. Hana kidonda, ana vita. Amekwenda kupigana, kama alivyosema daktari, na aliyemwachia silaha zake ni mimi. Nimekaa karakana na kochi la Mwalimu Mkuu. Bado linanuka. Leo harufu yake imenitoa machozi, na si kwa ukali.

Alhamisi, 14 Machi

Amerudi.

Afadhali niandike upesi. Tulimkuta chini ya mkokoteni, jicho moja limefumba, shavu limevimba kama embe, sikio limebaki nusu. Hakuweza kulia. Mke wangu alimvingirisha kwenye shali yake na alikuwa ameshafika barabarani kabla sijapata kiatu cha pili. Nilimkimbilia na kiatu kimoja, nikipiga kelele kwamba tumpeleke kwa daktari mwingine, wa mbali, mzuri zaidi. Hakugeuka.

Daktari akampokea. Mke wangu, akihema, akamwambia: daktari, ni yule uliyempasua Jumamosi, tumbo limepona, namshukuru Mungu, ni hili la usoni.

Daktari akamgeuza Jemadari. Akatazama tumbo lililonyolewa, lisilo hata na mkwaruzo. Akatazama kwingine. Akasema hakumpasua paka huyu. Akasema wanaopasuliwa tumbo ni majike, mama. Dume hatuanzii huko. Na huko tunakoanzia, kila kitu kipo kama Mungu alivyokiweka.

  Nikasema benchi hili linahitaji sponji mpya, naweza kulifanya bure.

Mke wangu hakunipigia kelele. Angenipigia, ningejua pa kujificha. Alinitazama kama anayetazama kitambaa alichouziwa kuwa ni hariri. Akasema taratibu, nimetembea mitaa yote namlilia kidonda ulichokichora kwa manjano.

Daktari akasema jipu la shavuni lazima lipasuliwe, sumu imeanza kuenea. Usingizi mmoja, kazi mbili, mzee akikubali. Akisharudi tena mtaani hivi, safari ijayo usimtafute.

Wote wakanitazama. Hata Jemadari, kwa jicho lililobaki. Nikasema fanya. Sauti ilitoka nyembamba, kama si yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Amelazwa, jana hadi leo. Tulikaa benchini, mimi mwisho huu, mke wangu mwisho ule. Nikamwomba Mungu. Nilimwambia achukue chochote katika karakana, hata cherehani. Baadaye nikaongeza: ile ya zamani.

Daktari akatoka akasema ameamka. Tukaingia pamoja. Jemadari akainua kichwa, akayumba, akatafuta kwa jicho moja. Akampata mke wangu.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi.

Jumatano, 20 Machi

Uvimbe umekwisha. Jicho limefunguka. Hanyunyizi popote, au bado hajakumbuka. Amezunguka kochi jipya, akaligeuzia mgongo, nikafumba macho. Akajilaza akasinzia. Anakula. Anakoroma. Hana chuki na mtu duniani. Nilijiandaa kumfariji kwa alichopoteza, nikampa hotuba ndefu ya mwanamume kwa mwanamume. Alijilamba mguu hadi mwisho wa hotuba.

Mimi ndiye niliyehasiwa. Nalala karakana, kwenye kochi la Mwalimu Mkuu, kwa kuwa halina anayelitaka. Mke wangu haongei nami moja kwa moja, anapitisha kwa paka. Jemadari, mwambie mwenzio chakula kiko mezani. Jemadari, mwambie mwenzio asiniletee maua ya uzio wa jirani, nayajua. Jemadari hafikishi ujumbe. Analala mapajani pake anakoroma.

Seremala amesema hakutoboa siri. Ni kweli. Mficha maradhi, akasema, kifo humuumbua. Kisha akanipa fremu mpya ya kiti kilichovunjika, bila kuimba. Ilinitisha zaidi.

Jumapili, 24 Machi

Nimesamehewa! Nilimfungia daktari sponji mpya kwenye benchi, nikalivika ngozi bandia ya kijani, mishono miwili pembeni, kazi ya kifalme. Mke wangu akaenda mwenyewe kulikalia. Akaruka-ruka kidogo. Akaniambia, mimi mwenyewe, si kupitia paka, kwamba mikono yangu ina akili kuliko kichwa changu.

Usiku huu nalala kitandani. Masharti: nisimdanganye tena katika maisha yangu, na dume jingine lisikanyage nyumba hii. Nimeapa yote mawili. Nilikuwa na machozi. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatatu, 25 Machi

Seremala amekuja na lile boksi. Vitoto vyote vimepata watu, kimebaki kimoja. Kidogo kuliko wote. Mkia ndoana. Nikakiweka kiganjani, kikanipandia mkono hadi begani, kikanilia sikioni kana kwamba kinanidai maelezo.

Nikauliza ni dume au jike. Seremala akakigeuza, akacheka hadi akaegemea ukuta. Akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, fundi. Mwenyewe unaona.

Niliona.

Mke wangu alikuja mlangoni na Jemadari begani. Akakitazama kile kitoto. Akanitazama mimi. Akauliza.

Nikamwambia ni jike.

Akafurahi sana. Akasema basi akikua kidogo nimpeleke kwa daktari afungwe kizazi, tusije tukajaza nyumba vitoto. Nikasema bila shaka, mke wangu, nitampeleka mimi mwenyewe.

Bendeji ingalipo kwenye droo ya chaki. Nimeifua, nimeipiga pasi. Na safari hii tumbo ndipo mahali pake hasa. Nimehakikisha kwa daktari.