Anayegusa Msimbo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Kuna mtu anagusa msimbo wangu, maandishi yangu ya programu. Ushahidi sina bado. Uhakika ninao, na kwangu uhakika unatosha.

Iko hivi. Ijumaa jioni niliacha ukurasa wa kwanza wa tovuti ya magodoro jinsi ninavyoupenda mwenyewe: mistari mirefu, mabano pale mkono ulipoyatupa, nafasi ovyo ovyo. Ndivyo anavyoandika mtu aliyeiva kwenye Java, lugha yetu ya programu. Nikaituma kazi kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, nikaenda zangu nyumbani. Kawaida siirudii kazi niliyokwisha kuituma; leo naifungua, loo! Kila mstari umenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Nani kamtuma?

Lakini namjua. Ni Miwani. Tunamwita hivyo kwa yale mavioo yake yanayomfika mashavuni. Kaajiriwa juzi juzi tu, anasalimia kila mtu, anamshikia mlango hata anayeleta maji ya kunywa. Mtu mwema kiasi hicho ana lake jambo. Na leo Bosi katangaza kwamba Ijumaa, mteja wetu wa magodoro akishaoneshwa tovuti yake, atamteua kiongozi wa waandishi wa programu. Wanaofikiriwa ni wawili: mimi niliyekaa hapa miaka sita, na yeye. Cheo hicho kina chumba chake cha vioo. Nimekitamani mpaka kiti changu kimechoka kunisikiliza.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza, huo msimbo ukiguswa unaharibika? Nikasema hapana, unasomeka vizuri zaidi. Akasema basi nimshukuru huyo mtu, na nile chakula kabla hakijapoa. Huyu mama hajui maadui wanavyofanya kazi!

Jumanne, 4 Machi

Tena! Jana jioni niliacha makusudi mistari mitupu katikati ya faili. Asubuhi haipo. Imefutwa, safi, bila hata alama.

Miwani kapita mezani kwangu, akauliza nimeamkaje. Nikamwambia nimeamka, akitaka maelezo zaidi akamuulize wakili wangu. Sina wakili. Ila yeye hajui.

Halafu kuna hili la blogu. Blogu yangu ya zana za Java ina wasomaji wachache, lakini wa maana. Mmoja anajiita Msomaji Mtiifu. Kila wiki anaandika chini ya makala: asante mwalimu, nimejifunza. Kila wiki! Nani anajifunza kila wiki? Huyo ananipeleleza. Nimemjibu kwamba hata akijificha wapi, namwona. Akanirudishia alama ya moyo. Sasa tumefikia vitisho.

Jumatano, 5 Machi

Miwani kapiga mluzi wimbo wangu!

Wimbo wangu mwenyewe, niliotunga kwa kinanda chumbani, mlango nimeufunga. Sijamsikilizisha mtu. Hata mke wangu nimemficha kiitikio. Na huyu bwana anaupiga mluzi huku akichemsha maji ya chai, na kiitikio kakiweka mahali pake! Maana yake kaingia kwenye kompyuta yangu. Nikaiacha chai yangu.

Nikaenda kwa dada wa mapokezi. Nikamuuliza kwa ujanja, kwa kuzunguka zunguka, kama amewahi kumwona Miwani amekaa kwenye kiti changu. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema wimbo ule ofisi nzima inaujua, mlinzi wa getini naye anaujua, kwa sababu nikishavaa hedifoni naimba kwa sauti kutwa nzima nikidhani hakuna anayesikia. Akaongeza kwamba ubeti wa pili unamkera.

Kumbe naye kashanunuliwa. Imeniuma. Nilimdhani dada wa watu, mwaminifu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetega mtego. Java tupu, kazi ya fundi! Kila asubuhi, kabla hatujafika, kipande changu cha msimbo kinapima urefu wa faili la ukurasa wa kwanza. Likiwa kama nilivyoliacha, kimya. Likiwa limeguswa hata kwa nafasi moja, atakayefungua ukurasa atakutana na maandishi mekundu, makubwa: MWIZI! NIMEKUONA! Na wimbo wangu utapigwa, kuanzia kiitikio. Kama anaupenda, na ausikie.

Mpango ni rahisi. Kesho nawahi ofisini, nafungua ukurasa mbele ya Bosi, Miwani anaumbuka, natoa mtego wangu, mteja anafika anakuta kila kitu shwari. Cheo changu.

Mke wangu kauliza itakuwaje nikichelewa. Nikamwambia mimi na kuchelewa wapi na wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechelewa. Nilikuwa njiani nikakumbuka hedifoni, nikarudi nyumbani kuzitafuta. Nimepekua nyumba nzima. Zilikuwa shingoni.

Nafika ofisini, mteja kashaketi chumba cha mikutano. Mzee mmoja mzito, mkimya, na pembeni yake shemeji yake anayeshika funguo za ghala. Bosi kaelekeza kidole kwenye skrini ya ukutani, anawaambia sasa mtaona jinsi mnunuzi atakavyokaribishwa. Nikapiga kelele subirini! Wapi. Ukurasa ukafunguka.

Mwekundu wote. MWIZI! NIMEKUONA! Na sauti yangu ikajaa chumba kizima, kinanda kikifuata nyuma kwa mbali.

Bosi alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuiandika. Mimi nikamkazia macho Miwani, nione atakavyobadilika. Alikuwa anatikisa kichwa kufuata mdundo! Aliyesimama ni yule shemeji. Jasho linamtiririka. Akasema ni magodoro mawili tu, shemeji, tena yalikuwa na kasoro. Mzee akamwambia mbona hajaulizwa kitu. Yule akasema na lile jingine lipo kwa mama mdogo, atalirudisha leo leo.

Wimbo unaendelea.

Kisha mzee akamgeukia Bosi. Akasema amewazungukia watengeneza tovuti mpaka viatu vimelia, hajaona tovuti inayokamata wezi kabla hata haijaanza kazi. Anaitaka hivyo hivyo. Pamoja na wimbo.

Walipoondoka, Bosi akauliza ule upuuzi ni wa nani. Nikasimama, nikasema aulizwe Miwani kwanza, ni nani anayegusa msimbo wangu kila siku! Miwani akajibu kwa ule upole wake kwamba hakuna mtu. Ni Fagio, ile zana inayonyoosha msimbo wote kwenye seva sisi tukiwa tumelala. Niliiweka mimi mwenyewe, mwaka jana, yeye hajaajiriwa. Kajuaje? Kasoma kwenye blogu yangu. Msomaji Mtiifu ni yeye.

Bosi akaifungua blogu pale pale. Makala hiyo ipo. Juu yake picha yangu, natabasamu, na kichwa cha habari: Fagio: Lala, Msimbo Ujinyooshe.

Nikasema hata zana inaweza kutumwa na mtu. Bosi akaifunga kompyuta yake. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikavaa hedifoni bila kuwasha kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi kaniita kwenye chumba cha vioo. Cheo ni changu!

Kasema mteja katia saini kwa ajili ya mtego wangu. Kasema pia Miwani alimwendea mwenyewe, bila kuitwa, akamwomba nipewe mimi, kwa kuwa yote anayoyajua kuhusu zana za Java kayatoa kwenye makala zangu. Nilitokwa na machozi. Miaka sita! Nikakigusa kiti cha mle ndani. Laini.

Kisha akili ikanirudia. Nani anampa mwenzake cheo bure? Kama chumba hiki ni kizuri, mbona hakitaki yeye? Nikamwomba Bosi muda kidogo, nikampigia mke wangu. Akapiga vigelegele kwenye simu, akasema nikubali sasa hivi, kabla hawajabadili mawazo. Haraka ya nini? Hata yeye!

Nikarudi, nikamwambia Bosi asante, sitaki, apewe Miwani. Bosi akaniuliza mara mbili kama najisikia vizuri. Miwani akaitwa. Akakataa kabisa. Akanisihi nifikirie tena, nina watoto, nimekaa hapa muda mrefu, ni haki yangu. Ananisihi! Mtu asiye na lake jambo angesihi hivyo? Nikakaza. Tukavutana mpaka Bosi akachoka, akasema yaishe. Miwani akakubali shingo upande, uso umemshuka. Nimemwona kwa macho yangu alivyonywea.

Kuanzia leo yeye ndiye bosi wangu. Nimemkomesha.